Tundu la Chini

Mgodi ule ulikuwa mdogo, kusini mwa Rwamgasa, na haukuwa na umeme. Vinu vyake vya kuponda mawe ya dhahabu viliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwenye boila moja ndefu ya chuma iliyolazwa chini ya banda la mabati kama ng'ombe aliyeshiba. Tangu asubuhi mpaka jioni boila hiyo ilikula kuni. Kila mwaka wakata kuni walikwenda mbali zaidi kuzitafuta, na kila mwaka mtu aliyesimama juu ya kilima cha mgodi aliona nchi pana zaidi.

Maji yake yalitoka kwenye lambo. Yalikuwa maji ya chumvichumvi, na kila yalipochemka yaliacha kitu nyuma. Mwaka wa kazi ulipokaribia kwisha, tangi la boila lilikuwa limejijengea ndani ukoko kama ule wa sufuria ya ugali, ila ukoko huu ulikuwa wa jiwe. Ukiwa mnene, moto hauyafikii maji vizuri, kuni zinateketea bure, na chuma chenyewe huanza kuungua. Kwa sababu hiyo, katika mwezi wa nane, lambo linapobaki tope na vinu havina budi kusimama, moto ulizimwa. Boila iliachwa ipoe, maji machafu yakafunguliwa, na mtu akaingia ndani kuisugua.

Kwa miaka kadhaa mtu huyo alikuwa Jilala, Msukuma wa Tinde, karibu na Shinyanga. Alichaguliwa kwa sababu ya wembamba wake. Boila ilikuwa na matundu mawili. Tundu la juu, mgongoni, lilimpitisha mtu mwembamba aliyeinua mikono kama anayevua shati. Tundu la chini, upande wa mbele karibu na ardhi, lilikuwa na upana wa sahani. Kazi yake ilikuwa kutolea tope na vipande vya ukoko. Wakati wa usafi yote mawili yalifunguliwa, upepo ukaingia kwa chini na kutokea kwa juu. Jilala aliingia na nyundo, patasi, brashi ya waya na koroboi ya kumwangazia, akachuchumaa katika nafasi iliyobaki kati ya bomba la moto na ukuta wa tangi, akagonga.

Juu ya boila, kando ya tundu, alikaa Kondo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa boila, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa makamo mwenye tumbo ambalo lisingepita kwenye tundu lolote lile. Kazi yake siku hizo ilikuwa kumtukana Jilala.

Haikuwa mchezo. Mtu aliye ndani ya tangi anaweza kuzidiwa na joto au na hewa nzito bila kujua mwenyewe, na aliye nje hamwoni. Zamani fundi aliyemtangulia Kondo alikuwa akiuliza kila mara, "Upo?" na wa ndani anajibu, "Nipo." Kondo aliona upungufu wa jambo hilo. Mtu aliyechoka hujibu "nipo" huku akili yake imeshakwenda, kama vile watu wanavyoitikia sala. Lakini tusi lazima ulifikirie kabla ya kulijibu. Na kati ya Wazaramo na Wasukuma kulikuwa na utani tangu siku za misafara ya wapagazi kwenda pwani, hivyo Kondo aliruhusiwa kusema lolote juu ya Jilala, na Jilala juu yake, bila mmoja kuona uchungu. Vibarua wengine wawili wasio watani walipojaribu njia hiyo siku moja, waliishia kushikana mashati.

"Msukuma," Kondo alikuwa akiita kupitia tundu. "Umelala? Humo hamna ng'ombe wa kuchunga."

"Nafanya kazi, Mzaramo. Neno hilo hulijui, muulize mkeo akueleze."

"Mke wangu ananiuliza hiyo harufu ya michembe, viazi vyenu vya kukausha, inatoka wapi. Nimemwambia nimefungua boila."

"Mwambie afunge pua afungue chungu. Tangu mlipouza minazi yote mkacheze ngoma, hamjapika."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda. Tusi likijibiwa haraka, Kondo alitulia. Likichelewa, alitupa jingine kali zaidi. Jibu likiwa bovu, lisilochekesha, alimwambia Jilala atoke apumzike, na Jilala alitoka, kwa sababu wote wawili walijua kwamba mtu anaishiwa na utani kabla ya kuishiwa na nguvu.

Mwaka huo, siku ya pili ya usafi, mama mkwe wa Jilala alifika kutoka Tinde.

Jina lake lilikuwa Mageni. Alikuja kwa lori la pamba mpaka Kharumwa, kisha kwa miguu, akiwa na fimbo na furushi, akaingia kambini jioni na kuulizia nyumba ya Mbuke, binti yake. Jilala alipopata habari kwamba mkwe yuko nyumbani kwake hakwenda huko. Alikwenda kulala kwa Kondo. Desturi ya kwao haikumruhusu kukaa naye chumba kimoja, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, Jilala alipaswa kuingia majanini na kugeuka mpaka apite. Mageni naye hakulitaja jina la mkwewe. Alimwita baba Maganga, kwa jina la mjukuu, na hata hivyo kwa nadra.

Sababu ya safari yake ilimfikia Jilala kwa kinywa cha Mbuke. Huko Tinde ilisemwa kwamba migodini Geita kuna mashine ambayo kila mwaka wakati wa kiangazi husimama, na haiwaki tena mpaka mtu aingie tumboni mwake. Maneno hayo, yakichukuliwa kama yalivyo, yalikuwa kweli. Watu waliongeza tu kwamba mwaka mmoja mtu huyo hatoki. Mageni aliuliza ni nani anayeingia, akaambiwa ni mkwewe. Kwa hiyo alikuja kumchukua Mbuke na mtoto, akae nao Tinde mpaka mume apate kazi nyingine. Hakutaka binti yake afiwe ugenini, katikati ya watu wasiojua hata namna ya kumlilia.

Mbuke hakutaka kwenda. Alikuwa amelima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, na alimpenda mumewe. Lakini kumkatalia mama yake asingeweza.

Jilala alifikiri usiku kucha. Asubuhi alimtuma Mbuke na maneno haya: mama aje aone kwa macho yake, ni kusugua sufuria tu. Mageni alisikiliza, akajibu kwamba atakuja na atakaa hapo mpaka baba Maganga atoke. Akitoka salama kama alivyoingia, yeye atarudi Tinde peke yake. La sivyo, Mbuke atafunga mizigo siku hiyohiyo. Mbuke alirudi na jibu akalisema mbele ya Kondo, na Kondo akasema mkwe huyo ana akili kuliko ukoo mzima wa Jilala, jambo ambalo, kwa mtani, lilikuwa sifa.

Walidhani angekuja mchana. Alikuja mapema, Jilala akiwa ameshaingia.

Kondo alikuwa katikati ya maelezo marefu kuhusu siku ambayo Wasukuma waliletewa sabuni kwa mara ya kwanza, alipowaona Mbuke na mama yake wakipita kati ya marundo ya kuni, mtoto mgongoni mwa bibi. Alikata maneno. Akashuka, akaamkia shikamoo, Mageni akaitikia marahaba na kuongeza salamu zake za Kisukuma, polepole, bila kupunguza hata moja. Kisha akatazama huku na huku, akachagua gogo kivulini, mbele ya boila, akakaa. Tundu la chini lilikuwa hatua chache tu mbele ya magoti yake.

Kondo alipanda tena juu. Sauti ya Jilala ilimfikia kwa mnong'ono.

"Mzaramo. Mbona umenyamaza? Nani kaja?"

"Mkweo."

Nyundo ilisimama.

"Yuko wapi?"

"Kwenye gogo. Anatazama tundu la chini."

Ndani ya tangi joto lilikuwa kali, na Jilala, kama kawaida yake, alikuwa amevua kila kitu akabaki na kitambaa kiunoni. Hilo hakuna aliyelikumbuka wakati wa kumwalika mkwe aje kutazama.

"Lizibe, mtani," alisema. "Nakuomba. Na hayo matusi, basi."

Kondo alishuka, akachukua gunia, akalining'iniza mbele ya tundu la chini. Kwa kuwa vumbi la ukoko lilikuwa likitoka na kumfikia mtoto, alililoweka gunia kwenye ndoo kwanza, kisha akalikandamiza kwenye ukingo wa tundu kwa matofali mawili. Lilishika vizuri. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Alitaka rafiki yake asiaibike, na alitaka mama wa watu aone kwamba pale mgodini wanaishi watu wenye heshima.

Nyundo ilianza tena. Mageni aliisikiliza. Aliuliza ni nini kinachogongwa, na Kondo, aliyekaa sasa kwenye ngazi ili asiwe juu ya kichwa cha mgeni, alimweleza habari za ukoko na maji ya lambo. Akamwonyesha kipande kilichotolewa jana, cheupe, kizito, kimejipinda kama gamba. Mageni alikigeuza mkononi, akakinusa, akasema kwamba kwao vyungu vya kupikia maji ya kisima cha bonde huota kitu kama hicho, na wanawake huvisugua kwa mchanga. Kondo akasema ndiyo, ni hivyohivyo, ila chungu hiki mpishi wake ni Mzungu mwenye mgodi. Mageni alicheka kidogo. Mbuke, aliyekuwa akimtazama mama yake usoni tangu walipofika, alishusha pumzi.

"Nilipokuwa nakuja nilisikia mnazungumza naye," Mageni alisema baadaye. "Sasa mbona hazungumzi?"

"Ana adabu, mama. Wewe ni mkwe wake."

Mageni aliinamisha kichwa. Jibu lilimpendeza, na hakulificha. Mbuke alimwachia mtoto, akaenda nyumbani kupika uji. Vibarua waliokuwa wakikwangua masizi kwenye tanuru waliacha kazi, wakaenda kula. Jua lilipanda juu ya mabati, na mabati yakaanza kulia ti, ti, yakitanuka.

Nyundo ilikoma. Kondo hakushtuka. Baada ya kugonga huja kufagia, na kufagia hakuna kelele: wa ndani hukusanya vipande kwa mikono na kuvisogeza kuelekea tundu la chini. Alisikia mkwaruzo wa brashi mara moja, mara ya pili, kisha hakusikia kitu. Aliwaza kwamba Jilala ameketi anapumzika, anaona haya hata kukohoa. Aliwaza hivyo kwa sababu yeye mwenyewe, kama angekuwa ndani na mkwe wake nje, angefanya hivyo.

Mageni alimlaza mtoto kwenye kanga.

"Mwambie baba Maganga apumzike," alisema. "Jua ni kali."

Kondo alipanda, akainama kwenye tundu la juu, akazipeleka salamu kama alivyotumwa, kwa lugha ya kistaarabu. Hakujibiwa. Ndani kulikuwa giza. Koroboi ilikuwa imezimika, na Kondo akadhani mafuta yamekwisha.

"Anaona haya," alimwambia Mageni, akitabasamu.

Mageni hakutabasamu. Alikaa kidogo, mikono juu ya fimbo.

"Kabla sijafika mlikuwa mnasema nini?"

"Utani tu, mama. Tunatukanana. Ndivyo tunavyojua kwamba aliye ndani yuko sawa."

"Basi mtukane."

"Mama, siwezi, mbele yako. Na hata nikimtukana hawezi kujibu."

"Mtukane nione."

Kondo aliinama tena. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alikosa tusi. Alisema kitu dhaifu kuhusu michembe, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. Tangi lilirudisha sauti yake mwenyewe na kunyamaza.

Mageni alisimama. Alikwenda mpaka kwenye ubavu wa boila akagonga chuma kwa fimbo yake, akangoja, akagonga tena.

"Huyu amenyamaza kwa ajili yangu," alisema, "au amenyamaza tu?"

Kondo hakujua, na alisema hajui. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Aliona kuwa adabu na kifo, kwa mtu aliyeko nje ya tangi, vinasikika sawasawa. Angeweza kuita mpaka jioni na asipate jibu la kumtofautishia.

Lakini Mageni alikuwa na swali ambalo mtu mwingine hakuwa nalo. Kwao, mkwe akinyamaza ni heshima. Lakini mama mkwe akimwita kwa jina lake, hakuna heshima inayomruhusu kukaa kimya. Kwa kweli jambo hilo lilikuwa halijatokea wala halikutazamiwa, ndiyo maana hakuna aliyeweka ruhusa ya kunyamaza. Alipanda ngazi kwa shida, akishika mkono wa Kondo, akaweka mdomo wake kwenye tundu la juu.

"Jilala," aliita.

Jina lilizunguka ndani ya chuma.

"Jilala mwana wa Bujiku. Ni mimi, mama yake Mbuke, ninayekuita. Itika."

Walisikiliza wote wawili. Mabati yalilia.

"Hayupo," Mageni alisema, akashuka.

Yeye ndiye aliyeliona gunia. Kondo alikuwa amelisahau. Aliona tu kwamba analivuta kwa mikono miwili na matofali yanaanguka. Lilikuwa limekauka kwenye ukingo na kujishika kama udongo. Lilipotoka, ndani ya tundu, juu ya rundo la ukoko uliosogezwa, kulikuwa na nywele za mtu. Jilala alikuwa amefika karibu na tundu na kuanguka kifudifudi, uso ndani ya tope.

Mageni alipiga magoti, akaingiza mkono wake wa kulia mpaka begani. Alipapasa kichwa, akapata kidevu, akakiinua na kukigeuza mpaka mdomo na pua vikaja kwenye tundu, penye upepo. Kwa vidole vya mkono uleule aliondoa tope puani mwake. Kisha akamshika hivyo hivyo, kiganja chini ya taya, kama anavyoshikwa mtoto anayefunzwa kunywa.

"Nenda ulete watu," alimwambia Kondo. "Mimi simwachi."

Kondo alikimbia. Alipokuwa akikimbia aliisikia sauti ya mwanamke huyo nyuma yake, na haikuwa ya kulia. Alikuwa akimtukana mkwewe. Alimwita mvivu, alimwita mtu wa kulala mchana kwenye chungu cha watu, alimuuliza kama binti yake aliolewa na mwanamume au na ukoko. Kiswahili chake kilipokwisha aliendelea kwa Kisukuma.

Kondo alirudi na mnyapara Selestine na kibarua mmoja mwembamba aliyeitwa Ignas, na Mbuke akija nyuma yao bila kanga ya kichwani. Waliponyoosha shingo kuangalia, Mageni aliwaambia, bila kugeuka, kwamba anapumua. Alikuwa ameisikia pumzi mkononi mwake: kwanza haikuwapo, kisha ikaja moja, kisha kwa muda mrefu hakuna, kisha zikaanza kufuatana. Ignas aliingia kwa juu na kamba. Ilikuwa kazi kumvuta mtu mzima aliyelegea katika nafasi ile nyembamba, na wakati wote huo Mageni hakuondoa mkono wake, mpaka Ignas alipomwambia kutoka ndani, "Mama, mwachilie sasa, nimempata."

Walimlaza Jilala chini. Alikuwa na kile kitambaa chake tu. Mageni alijifungua kanga ya mabegani akamfunika, akarudi kukaa kwenye gogo, mkono umechubuka kwa ukingo wa chuma na kuvuja damu.

Jilala alitapika, akakohoa, akafungua macho. Aliona mabati, akamwona Mbuke analia, akamwona Kondo. Kisha akamwona mkwe wake, amekaa mbele yake, na kanga ya mkwe juu ya mwili wake. Alifunga macho haraka, akageukia upande mwingine, na kwa magoti na viwiko akaanza kutambaa kwenda kujificha nyuma ya rundo la kuni.

Ndipo Kondo alipokaa chini, maana alijua sasa kwamba mtu huyu amepona.

Mnyapara alitaka kujua kilichotokea. Kondo alimweleza habari ya gunia bila kupunguza neno. Koroboi ilipotolewa ilikutwa na mafuta zaidi ya nusu. Haikuishiwa na mafuta. Iliishiwa na kile kile alichoishiwa Jilala. Usafi uliahirishwa kwa siku mbili.

Katika siku hizo Jilala alikaa kwa Kondo akinywa maziwa, na kilichomsumbua zaidi hakikuwa kifua. Alikuwa ametajwa jina na mkwe, ameshikwa uso na mkwe, ameonekana uchi na mkwe. Mambo kama hayo hayawezi kuachwa yakae. Alinunua mbuzi jike, mweusi, na kumtuma Kondo ampeleke, kwa kuwa mtani huruhusiwa kusema yasiyosemeka. Kondo alimfunga mbuzi mlangoni kwa Mbuke na kutangaza kwamba mbuzi huyu amekuja kurudisha umbali mahali pake, na kwamba kichwa chake, kwa haki ya utani, ni cha Mzaramo.

Mageni alimpokea mbuzi. Alimruhusu Kondo kudai kichwa. Halafu alimwambia akae, kwa sababu alikuwa na neno.

"Huko kwetu wanasema mashine inameza watu," alisema. "Nimekuja nimeona. Haimezi. Ni chungu. Sisi ndio tuliokaa kimya, mtu yuko ndani. Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu, yeye alinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nilikaa pale nikafurahi kwamba nimepata mkwe mwenye adabu."

Kondo aliivuta kamba ya mbuzi karibu.

"Nilisema akitoka salama Mbuke anabaki," aliendelea. "Sijui kama kule ni kutoka salama. Nimeliwaza sana." Alimtazama binti yake, aliyesimama mlangoni na mtoto. "Siku ile wewe ulikwenda kupika uji. Ungekuwepo wewe, ungemtukana?"

"Namtukana kila siku, mama," Mbuke alisema.

"Mbele yangu?"

Mbuke alifikiri. "Mbele yako ningejaribu."

"Basi kaa hapo tundu la chini. Kila mwaka. Huyu Mzaramo juu, wewe chini. Na akija mkwe, awe mimi au mwingine, mfukuzeni mpaka boila ifungwe."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na hakuna aliyeuliza kama ofisi ya mgodi inakubali, kwa kuwa ofisi haikujua mambo ya matundu. Jilala aliporudi ndani kumalizia kazi, Mbuke alikaa kwenye lile gogo, akaanza kwa sauti ndogo, kwa aibu, juu ya mfuko wa chumvi ambao mumewe aliahidi kuununua na hakuununua. Kondo alimhimiza. Kabla ya mchana vibarua wa tanuru walikuwa wameacha kukwangua masizi ili wasikilize. Kutoka tangini Jilala alijibu yote, na alijibu vizuri. Mageni alibaki kambini na mjukuu. Kutoka pale asingeweza kusikia maneno, lakini nyundo aliisikia.

Tangi likaoshwa, matundu yakafunikwa, kamba mpya za katani zikiziba ukingo, nati zikakazwa, maji yakajazwa, na moto ukawashwa, mdogo kwanza ili chuma kisishtuke. Siku iliyofuata honi ya mvuke ililia, na vinu vikaanza kuponda.

Mageni aliondoka asubuhi hiyo, peke yake, juu ya lori la mgodi lililokuwa likienda Kharumwa kuchukua mahindi. Alikaa nyuma, juu ya magunia matupu, fimbo mapajani. Barabara ilipita karibu na banda la boila, na Jilala alikuwa akitoka huko na nyundo yake mkononi, ametumwa kwenye pampu ya lambo. Aliliona lori, akamwona aliyekaa juu yake. Akaingia majanini, akageuka, akasimama akitazama vichaka, kama inavyompasa.

Mageni alijifunika kanga usoni. Lori lilipofika sawa na pale, aliinua fimbo yake akagonga ubavu wa chuma wa lori. Akangoja, akagonga tena.

Jilala hakugeuka. Pembeni mwa barabara palikuwa na kipande cha reli ya zamani kilichokwama ardhini. Alikipiga kwa nyundo, kwa nguvu, na mlio wake ulilifuata lori mpaka kwenye kona.